Mchele wa Kyela ni wa wote. Mfuko wako ni wa nani?

Ingia duka lolote la nafaka Dar es Salaam, liwe la Tandika au la Tegeta, uulizie mchele wa Kyela. Utaoneshwa. Kipande cha boksi kimechomekwa juu ya mchele, kimeandikwa kwa makapeni KYELA SUPER, na pembeni yake upo mwingine wa bei pungufu kidogo, nao ni Kyela. Ingekuwa wilaya ile inalima kila punje inayouzwa kwa jina lake, Ziwa Nyasa lingeshafukiwa likawa majaruba. Sehemu ya mchele huo imetoka Mbarali, kwenye skimu za Usangu, mwingine Kilombero, na mwingine anajua mwenye gunia.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumepewa neema ambayo wafanyabiashara wa mikoa mingine wanaitafuta kwa pesa: majina ya kwetu yanauza yenyewe. Parachichi la Njombe, chai ya Mufindi, kahawa ya Mbozi, ndizi za Tukuyu, vikapu vya Iringa. Unataja wilaya tu, mteja anaitikia kwa kichwa. Na hapo ndipo uvivu wetu unapoanzia, kwa sababu jina ambalo kila mtu analitumia halimlazimishi mteja kurudi kwako.

Mimi nafungasha mchele hapa Uyole, Mbeya. Nilichokiona katika kazi hii ni kwamba jina la mahali litakuuzia mfuko wa kwanza. Wa pili utauuza mwenyewe. Mkakati wa chapa, ukiondoa maneno ya semina, ni mpango wa kumfanya mtu aliyenunua mara moja aulizie mfuko uleule kwa jina lake, na asipoukuta asiridhike na wa jirani. Mengine yote, rangi, nembo, kurasa za mtandaoni, ni vibarua wa kazi hiyo.

Anza na kinachomuudhi mteja

Watu wengi huanza kwa mchora nembo. Ningekushauri uanze jikoni kwa mteja. Kwenye mchele malalamiko yanajulikana: mawe, chenga nyingi, na lile kubwa kuliko yote, "mchele wenu wa safari hii siyo ule".

Hili la mwisho lina sababu yake, na anayeuza mchele bila kuielewa atapoteza wateja kila mwaka msimu uleule. Mavuno yakitoka, kuanzia mwezi wa tano na wa sita, mchele mpya unaingia sokoni. Mchele mpya haunywi maji mengi. Mama aliyezoea kupika ule uliokaa ghalani tangu mwaka jana akiweka maji yaleyale, wali unakuwa bokoboko. Mchele ni uleule, shamba lilelile, lakini kwake umeharibika. Ule wa zamani unataka maji zaidi, unafumuka na kuchambuka. Huyu mama alinunua Februari akapenda, akanunua Julai akachukia, na hakuna nembo itakayomrudisha.

Tulichofanya ni kibandiko kidogo nyuma ya mfuko: mwezi wa kukoboa, mchele ni wa mavuno ya mwaka gani, na kikombe kimoja cha mchele kinataka maji kiasi gani. Ni karatasi tu. Lakini simu za lawama zilipungua, na baadhi ya wateja wakaanza kupiga kuuliza, "Dada, ule wa zamani bado upo?" Wakaanza kuchagua. Mteja anayejua kutofautisha mifuko yako miwili ameshakuwa wako.

Rafiki yangu wa Kihesa, Iringa, anauza asali, naye ana msimu wake wa lawama. Baridi ya Juni na Julai ikishika, asali inaganda kwenye chupa, na wateja wanaamini amechanganya sukari. Kuganda ni tabia ya asali, hasa kwenye baridi. Ukiiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu inarudi. Kaliandika hilo kwenye lebo kwa maneno yake mwenyewe, na sasa wapo wanaoitafuta iliyoganda.

Jambo la pili ni kutochanganya. Kishawishi ni kikubwa, maana mpunga wa kunukia wa Kyela unauzwa ghali na ule wa mbegu ya SARO 5 kutoka Usangu ni nafuu. SARO 5 si mchele mbaya hata kidogo. Unamzalishia mkulima vizuri, una harufu ya wastani, na bei yake inamfaa mama lishe. Tatizo ni kuuficha ndani ya mfuko wa mwingine. Sisi tuliutengenezea mfuko wake, wa kijani, tukaandika wazi kwamba umetoka Igurusi, Mbarali. Kuna walionicheka: nani atanunua mfuko ulioandikwa Mbarali wakati Kyela ipo? Mama lishe wa Kabwe na Mwanjelwa hawakujali. Wananitumia ujumbe, "Mama, lete ule wa kijani mitano." Wanachotaka ni wali wa leo ufanane na wa jana, na bei isiwayumbishe.

Hapo ndipo ugumu wa mkakati ulipo: kuamua usichouza, na usimuuzie nani. Bakhresa amelitoa jina la Azam kwenye unga akalifikisha kwenye aiskrimu, juisi, televisheni na timu ya mpira, basi na sisi wiki ya pili ya biashara tunafungasha mchele, asali, sabuni ya maji na karanga kwa nembo moja. Yule ana viwanda. Wewe una kijana mmoja na mzani.

Pesa inaonekana wapi

Kuna watakaokwambia chapa ni jambo la wakubwa, mdogo auze tu. Nifanye hesabu ya mfano, namba za kuelewesha tu. Mchele mashineni shilingi 2,400 kwa kilo. Kupepeta na kugredi 90, kifungashio na lebo 110, usafiri na vibarua 100. Umefika 2,700. Unamuuzia mwenye duka 3,000, faida 300.

Mwenye duka anasema, "Punguza mia tu, tuendelee." Mia inaonekana ndogo mbele ya elfu tatu. Lakini hukupunguza mia kwenye elfu tatu, umepunguza mia kwenye mia tatu, theluthi ya faida yako. Ili upate pesa ileile, kila ulipouza tani mbili sasa uuze tatu: mtaji zaidi, vibarua zaidi, safari zaidi. Nguvu ya chapa ni uwezo wa kujibu "haiwezekani" na bado mzigo ukachukuliwa.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko bei ni mali kauli. Mfuko ambao hakuna anayeuulizia, mwenye duka anaupokea kwa kauli: nikiuza nitakulipa. Na anaulipia mwishoni kabisa, baada ya kuwalipa wanaomtisha. Mfuko ambao wateja wanaingia wakiutaja, anaulipa keshi kwa sababu anaogopa ukosekane. Hiyo keshi ina maana kubwa kwetu kwa sababu ya msimu. Mpunga hununuliwa vizuri wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Kama Juni pesa yako yote imelala kwenye rafu za watu, utaununua Novemba kwa bei ya Novemba. Kwa hiyo chapa yenye nguvu inakupa keshi, keshi inakuingiza shambani kwa wakati, na faida ya mwaka mzima inaamuliwa pale.

Weka daftari. La kwangu lina jina la duka, tarehe, idadi ya mifuko, bei, keshi au kauli, na safu moja ninayoipenda kuliko zote: ameagiza mwenyewe, au nimempelekea? Duka linalohama kutoka "nimempelekea" kwenda "ameagiza" linakwambia ukweli ambao idadi ya waliopenda picha yako mtandaoni haiwezi kukwambia.

Jina na makaratasi

Jina lijaribu kwa simu. Mpigie mtu asiyelijua, mtajie mara moja, mwambie akuandikie kwa ujumbe. Akilikosea, na mteja wa Kariakoo atalikosea. Majina ya lugha zetu ni matamu, lakini mengine yanamshinda mtu wa pwani kuyatamka mbele ya muuza duka, na mtu haulizi kitu anachoona aibu kukitamka. Chagua ambalo hutalibadilisha. Mwishoni mwa 2024 Tigo walipogeuka kuwa Yas walikuwa na pesa ya kulibandika jina jipya nchi nzima, na bado huku mtaani unasikia, "nitumie kwa Tigo Pesa".

Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kusajili alama ya biashara ni vitu viwili, na wengi wanaishia cha kwanza wakidhani wamemaliza. Jina la biashara linakutambulisha wewe mfanyabiashara. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki juu ya jina na nembo iliyo kwenye bidhaa, na inasajiliwa kwa madaraja ya bidhaa: mchele, unga, kahawa, chai na asali viko daraja la 30. Usajili ni wa miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ni wa Tanzania Bara; Zanzibar wana mamlaka yao, kama mzigo wako unavuka maji ulijue hilo. Wala usitegemee kumilikishwa neno Kyela peke yake. Weka jina lako, kisha Kyela iwe maelezo ya asili ya mchele.

Nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, kwa mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanakokupa barua ya utambulisho. Anzeni mapema kabla ya kuchapisha mifuko, msije mkachapisha mara mbili. Msimbo mwambaa nao unasaidia kuingia maduka makubwa, ila acheni kuwaambia watu kwamba 620 ya mwanzoni mwake ni ushahidi wa ubora. Tarakimu hizo zinaonesha kwamba namba imetolewa na GS1 Tanzania, wanaotoa misimbo hiyo, basi.

Na Lipa Namba. Mteja amevutiwa na mfuko, anataka kulipa, simu inamletea jina la shemeji yako. Anasita. Hakikisha jina linalotokea pale ni lile lililo kwenye mfuko.

Kuhusu sura ya mfuko sina mengi. Acha kidirisha, maana mnunuzi wa mchele anataka kuona punje kwa macho yake. Na andika jina ubavuni pia, kwa sababu dukani mifuko hulazwa na kupangwa mmoja juu ya mwingine. Ile picha nzuri ya mbele uliyoilipia inaangalia dari. Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, naona watu wanamaliza bajeti kwenye mabango. Pikeni. Sahani ndogo ya wali, mtu aonje, achukue mfuko wa kilo moja, uandike namba yake ya simu. Wiki ya pili mpigie umuulize ulipikika vipi.

Kama unauza huduma, saluni, gereji, nyumba ya wageni pale Mafinga, mchele wangu hautakufaa sana, ila swali la mteja wa pili ni lilelile: nini kilimfurahisha, na je, kesho atakikuta hata kama wewe haupo?

Chapa ikishika, tatizo linabadilika. Mifuko yako mitupu inaanza kuwa na bei. Nilishakuta duka moja linajaza mchele wake ndani ya mifuko yetu iliyotumika na kuishona upya, na mteja aliyelalamikia mawe alitupigia sisi. Tangu hapo tunashona kwa uzi wa rangi tunayoibadilisha kila msimu, tarehe ya kukoboa inapigwa muhuri juu ya mshono wenyewe ili ukifunguliwa ipasuke, na wauzaji wetu wanajua rangi ya uzi wa msimu huu. Ukikutana na jambo kama hilo usianze ugomvi dukani. Nunua mfuko mmoja, dai risiti, piga picha, ambatanisha na cheti cha alama ya biashara, na upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia. Bila kile cheti utakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini mfuko ule ni wako.