Mafundi wawili, ukuta mmoja: siku 11 zimetoka wapi?

Mkuu, jibu la swali lako la mafundi ni siku 8, si 11 kama ulivyopata. Nairudia hesabu yako ili wengine waifuate: fundi A peke yake anajenga ukuta kwa siku 12, fundi B kwa siku 18. Wameanza pamoja, baada ya siku 4 A akaondoka. B atamalizia kwa siku ngapi?

Wewe umetafuta wastani wa 12 na 18, ukapata 15, ukatoa 4, zikabaki 11. Hapo ndipo ilipoharibika. Siku hazijumlishwi wala hazitafutiwi wastani. Kinachojumlishwa ni kazi inayofanyika kwa siku moja. Wastani wako unasema wawili wakijenga pamoja watatumia siku 15, wakati A peke yake anatumia 12! Wakisaidiana, lazima muda uwe chini ya ule wa fundi mwenye kasi zaidi. Jibu likivuka hapo, futa.

Tafuta KDS (namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 12 na 18, ni 36. Chukulia ukuta una kozi (mistari ya matofali) 36. A anajenga kozi 3 kwa siku, B kozi 2. Siku 4 za pamoja ni 4 × 5 = 20. Zimebaki 16, na B anakwenda 2 kwa siku: siku 8. Hatujaandika sehemu kama 1/12 au 1/18 hata moja.

Mwalimu akitaka mlinganyo, x iwe siku za B akiwa peke yake:

4/12 + (4 + x)/18 = 1

Zidisha kila kitu kwa 36: 12 + 2(4 + x) = 36, hivyo x = 8. Angalia hiyo (4 + x). B hakuanza kazi A alipoondoka, alikuwepo tangu siku ya kwanza. Wengi huandika x/18 na kupata 12, ambazo ni siku zote za B.

Kwenye maswali ya mabomba yanayojaza matangi ni yale yale, ila bomba linalotoa maji lina alama ya kutoa. Ugumu huwa pale muda wenyewe usipojulikana: mabomba mawili kwa pamoja hujaza tangi kwa saa 6, na dogo likiwa peke yake huchukua saa 5 zaidi ya kubwa. Saa za kubwa likiwa peke yake ziwe t:

1/t + 1/(t + 5) = 1/6

Zidisha kwa 6t(t + 5), utapata t² − 7t − 30 = 0, yaani (t − 10)(t + 3) = 0. Saa −3 haipo, kwa hiyo kubwa ni saa 10, dogo 15. Hakiki: 1/10 + 1/15 = 5/30 = 1/6.

Na ukipata saa 2.4, hiyo .4 zidisha kwa 60: ni saa 2 na dakika 24. Kuandika dakika 40 kunapoteza alama za bure kabisa.