Ng'ombe wangu amevimba magoti ya mbele: je, nimpasue?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa hapa nyumbani Goba, bandani pana sakafu ya zege. Mmoja amevimba magoti ya mbele yote mawili, miezi miwili sasa na uvimbe unakua pole pole. Anakula, anatoa maziwa, hachechemei. Jirani anasema mshipa umepasuka na damu imeganda, nichane itoke. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Tafadhali usichane.

Hilo tunaloliita goti la mbele si goti, ni kifundo cha mkono. Nilipokuwa mwanafunzi Morogoro tuliwekewa mkono wa ng'ombe mezani, tukaambiwa kila mmoja aweke mkono wake pembeni. Bega, kiwiko, kifundo, kiganja, vidole, vyote vimo kwa mpangilio uleule. Tofauti ni kwamba kiwiko cha ng'ombe kimebanwa kifuani, mfupa wa kiganja umerefuka, na anatembea kwa ncha za vidole viwili, ndizo kwato zake. Goti la kweli, lenye pia ya goti, liko mguu wa nyuma, juu karibu na tumbo.

Kifundo hicho kina mifupa midogo sita, minne safu ya juu na miwili ya chini. Mbele yake hakuna nyama, ni kano na ngozi tu. Sasa mtazame ng'ombe wako anavyoinuka asubuhi. Anapiga magoti kwanza, kisha anainua matako, na kwa muda huo uzito wote wa mbele unakaa juu ya vifundo viwili vilivyokandamizwa kwenye zege. Anafanya hivyo mara nyingi kwa siku. Ngozi inasuguka, na chini yake hujitengeneza kifuko cha majimaji. Nadhani ndicho unachokiona, hasa kwa kuwa kimetokea pande zote mbili.

Kuhusu damu, ateri kubwa ya mkono hupita nyuma ya kifundo, upande wa ndani, imekingwa isibanwe. Na uvimbe wa damu huja ghafla, baada ya teke au kuanguka. Haukui pole pole miezi miwili.

Mpime mwenyewe. Bonyeza kwa kidole: kifuko huwa laini, kinacheza, hakimuumi. Shika mkono ukunje taratibu. Akikubali kukunja bila kuvuta mguu, kiungo chenyewe huenda ni kizima. Kukiwa na joto, akivuta mguu kwa maumivu au akianza kuchechemea, ita daktari siku hiyohiyo, usingoje kesho. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu, linalishwa na ute wa kiungo. Vijidudu vikishaingia humo, kinga ya mwili inafika kwa shida, dawa nazo hivyohivyo. Ndiyo sababu nakuomba kisu kisiguse hapo: kifuko kisicho na vijidudu kikichanwa bandani kinageuka jipu, na jipu hilo linapakana na kiungo.

Kuna jambo jingine linalonipa wasiwasi zaidi. Bruselosi, ule ugonjwa wa kutupa mimba, nao hujaza vifuko kama hivi, na majimaji yake huweza kumwambukiza binadamu. Je, kuna ng'ombe wako aliyewahi kutupa mimba? Vyovyote vile, daktari achukue damu ya wote watatu ipelekwe maabara ya mifugo pale Temeke. Majibu yakisubiriwa, chemsha maziwa yote, ya nyumbani na ya wateja, na usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Dawa ya kifuko ni sakafu. Tandika maranda au mchanga mkavu, unene usiopungua kiganja kilichosimamishwa, sehemu yote anayolala, na ubadilishe panapolowa. Mpira mzito wa kutandika bandani ni mzuri pia. Kifuko kidogo huweza kunywea. Kilichokomaa, chenye ukuta mgumu, mara nyingi hubaki, lakini kama hakimsumbui kiache hivyohivyo. Daktari akiona lazima kitolewe maji, atanyoa, atasafisha na kutumia sindano safi, baada ya majibu ya bruselosi kutoka.

Na hao wawili wengine, wapapase vifundo leo jioni ukimaliza kukamua.