Umefukua kaburi au umeleta dawa?

Maswali ya wasomaji. Anajibu Mama Muhtasari, Kikuyu, Dodoma

Barua za mwezi huu zimeangukia jambo moja bila wenyewe kupanga: mtu kurudisha mazungumzo ambayo wenzake walishayaacha. Nimechagua tatu. Kwa wasomaji wapya wanaouliza jina hili nimelitoa wapi, kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao serikalini mpaka nikastaafu, na ugonjwa wa kuuliza "hilo liliamuliwa lini?" haujanitoka mpaka leo. Wajukuu zangu wanaweza kuwathibitishia.

*Mbukwenyi mama. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo. Tuna kundi letu la wakulima la WhatsApp. Juzi nilikuwa natafuta namba ya fundi pampu humo kundini, nikakutana na swali la mwaka 2022. Mwenzetu alituma picha ya majani ya mzabibu yenye unga mweupe, akauliza afanyeje. Walimjibu wengi, kila mtu na lake, mwisho wakahamia kwenye mpira. Mimi tatizo hilo lilinikuta msimu uliopita nikalimaliza kwa salfa. Nikabonyeza ujumbe wake nikajibu kwa kirefu. Basi ikawa balaa. Mmoja katuma stika ya mtu kashika jembe, mwingine kaandika "wafukua makaburi wameamka", admini naye akasema watu wasome tarehe kabla ya kuandika. Mwenye swali mwenyewe akaja kusema mizabibu alishang'oa zamani, sasa analima alizeti. Je, nilikosa adabu?*
Mkulima, Hombolo

Mbukwenyi mwanangu. Adabu unayo, utangulizi ndio haukuwepo.

Tuanze na hilo kaburi. Swali la mwenzako halikuamuliwa na mtu yeyote. Liliachwa njiani, mpira ukalipita. Jambo lililoachwa njiani halijafa, na anayelirudia hajafukua kitu. Ingekuwa mlikubaliana mwaka ule kwamba dawa ni fulani, mkamaliza, halafu wewe ukaja usiku mmoja kuwaambia wote walikosea, hapo ungekuwa na kazi kubwa zaidi ya kujieleza.

Hapa mjini kwetu wapo watu waliolifikiria jambo hili mapema. Kanuni za Kudumu za Bunge zinamkataza mbunge kufufua jambo ambalo Bunge limekwisha kulijadili na kuliamua, isipokuwa atoe hoja mahususi ya kuomba uamuzi ule ufikiriwe tena. Maana yake kufufua kunaruhusiwa, ila uje mbele za watu useme waziwazi: nafufua, jambo lenyewe ni hili, na sababu yangu ni hii. Hata kwenye vikao vyetu vya kawaida, viwe vya ofisi, vikoba au kamati ya kanisa, kipo kipengele cha yatokanayo, na hapo ndipo ya zamani yanaporudishwa kwa heshima, muhtasari ukiwa mkononi. Anayeudhi ni yule anayesubiri mengineyo, saa kumi na moja jioni, watu wameshashika funguo za pikipiki, ndipo anainua kidole: "Mwenyekiti, mimi nina dogo tu kuhusu yale mabati." Nimeandika mihtasari ya watu hao. Dogo lao huchukua kurasa mbili.

Sasa wewe ulivyobonyeza ujumbe wa 2022 na kujibu, simu iliwaonyesha wenzako jina la muulizaji na kipande cha maneno yake. Tarehe haionekani pale. Anayefungua kundi asubuhi anadhani mtu ana mizabibu inayougua leo, anaanza kuhangaika, mpaka abonyeze kile kipande kimpeleke juu ndipo anagundua ni la miaka. Wengine walikasirika kwa sababu hiyo tu, wameshtushwa bure. Na ile picha, usishangae kama kwa wengi haifunguki tena. Picha za zamani ambazo mtu hakuzipakua zikikaa muda hugoma kabisa. Kwa hiyo uliwajibu watu kuhusu kitu wasichokiona, bila kuwaambia ni cha lini.

Ungeandika ujumbe mpya kabisa, namna hii: "Habari zenu wakulima. Mwaka 2022 mwenzetu mmoja aliuliza humu juu ya unga mweupe kwenye majani ya zabibu, na hatukufika mwisho. Msimu uliopita yamenikuta mimi. Picha ya shamba langu hii hapa, nilichofanya ni hiki, na hali ilivyo sasa ni hii." Kisha ndiyo ungemfuata muulizaji pembeni, ukamwambia umelirudisha swali lake. Yeye angekujibu hukohuko pembeni kwamba amehamia kwenye alizeti, mkacheka wawili badala ya kuchekwa na kundi zima.

Na unga wenyewe ueleze ulivyo, maana hapa ndipo majibu ya zamani yanapoponza watu. Ubwiri unga unakaa juu ya jani kama vumbi, ukipitisha kidole unatoka, na ukikamata punje changa zinapasuka. Upo na ubwiri vinyoya: huo juu ya jani unaleta madoa ya njano, ukigeuza chini ndiyo unakuta weupe kama manyoya, na unapenda kipindi cha mvua. Salfa ni ya ule wa kwanza. Wa pili unataka dawa za kopa, yaani zenye shaba. Katika wale waliojibu mwaka 2022 "kila mtu na lake", sitashangaa nusu yao walikuwa sahihi, ila kila mmoja alikuwa anaongelea ugonjwa tofauti. Ongeza pia kwamba salfa haipulizwi kwenye jua kali la saa saba, kwa sababu inaunguza majani. Afanye asubuhi au jua likishapoa. Dodoma tunavuna zabibu misimu miwili kwa mwaka, kwa hiyo yupo mtu humo kundini ambaye unga huo utamfikia kabla ya Krismasi, na atalikumbuka jembe lako vizuri.

Admini wenu naye nina neno naye. Kwenye makundi haya mgeni akiuliza kitu anaambiwa "lilishajadiliwa, panda juu utafute." Haya, akapanda, akatafuta, akalipata, akaandika hapohapo, anaambiwa mfukua makaburi. Mnataka akae wapi? Chagueni moja. Mimi ningekuwa admini ningemkaribisha mtu aliyepekua mpaka 2022, maana wengi wenu hata ujumbe wa jana hamjausoma.

Kuna mtu mbaya zaidi kuliko anayefufua, na hatumwimbi vya kutosha. Ni yule aliyeuliza, watu wakahangaika naye, kisha akaandika "asanteni, nimeshapata ufumbuzi" akaondoka nao. Ufumbuzi gani? Miaka mitatu watu wanapita pale wanakuta neno hilo tu. Huyo nakupa ruhusa umfukue hata saa sita usiku.

*Mama, nipo Dar es Salaam. Marehemu baba aliacha kiwanja Dodoma. Kwenye kundi la tuliosoma pamoja nilikumbuka kuna mtu aliwahi kueleza vizuri taratibu za viwanja, nikautafuta ujumbe wake wa mwaka 2015, nikamtumia binamu yangu aliyeko huko. Unasema nenda CDA na karatasi zako. Binamu kazunguka mjini siku nzima, kila anayemuuliza anamcheka. Kosa ni la nani?*
Mrithi, Temeke

La mwandishi si kosa. Siku aliyoandika alikuwa sahihi kabisa.

CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilianzishwa mwaka 1973, serikali ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, na kwa miaka mingi ardhi ya mji huu ilikuwa mikononi mwake. Mwezi Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, kazi zake zikaenda manispaa, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa yenyewe ikawa jiji. Kwa hiyo binamu yako aende ofisi za Jiji, idara ya ardhi, achukue karatasi zote za mzee hata zilizoliwa na mende, pamoja na zile za mirathi. Na jambo ambalo ujumbe wa 2015 usingeweza kukwambia: hati za CDA zilikuwa za miaka 33, na baada ya kuvunjwa serikali ikaelekeza wenye nazo wabadilishiwe wapate za miaka 99. Aulize hati ya mzee ipo upande gani.

Ukirusha maelezo ya zamani, tangulia na mwaka wake: "haya ni ya 2015, sijayahakiki." Neno hilo moja lingemwokolea binamu nauli ya bajaji. Majani ya zabibu yanaugua leo kama yalivyougua zamani, lakini ofisi, nauli na vituo vya mabasi mji huu havikai. Mtu akikurushia maelezo ya 2019 ya kuja Dodoma kutoka huko kwenu, atakwambia udamke ukapande basi la alfajiri, wala hatataja treni ya umeme, kwa sababu ilianza kuleta abiria huku mwaka 2024. Hakukudanganya, ila ukimfuata utasinzia kwenye kiti cha basi njia nzima.

Kisha rudi kwenye kundi lenu la shule uandike kilichobadilika, ukimtaja mwenzako kwa wema. Usimwambie alipotosha watu. Sema "kuongezea pale alipoishia fulani". Wapo wengine humo wenye viwanja vya wazazi Dodoma ambao hawajawahi kuvifuatilia.

*Shikamoo mama. Kwenye kundi la ukoo wetu, kila sherehe ikikaribia, shangazi anarusha skrinishoti ya orodha ya michango ya harusi ya binti yake, ya mwaka 2019. Jina la kaka yangu amelizungushia duara jekundu: ahadi laki moja, ametoa elfu arobaini. Vijana wanacheka, kaka anatoka kundini, tunambembeleza anarudi, halafu sherehe nyingine inatangazwa. Nimwambieje shangazi bila kumvunjia heshima?*
Mpwa, Kondoa

Marahaba mwanangu. Kundini usimwambie kitu. Hata yale ya "shangazi yaishe jamani" usiandike, maana ukishaandika tu wanakuja na wengine kuunga mkono, na mama mzima anajikuta anakemewa na watoto wa kaka zake mbele ya wakwe. Atajibu, na atakachojibu hamtakipenda.

Mkulima wa Hombolo alirudi na dawa, shangazi yako anarudi na duara. Jambo halina jipya tangu 2019, ni namba zilezile mbili. Hata hivyo sitamnyima haki yake yote. Ahadi ya mchango ni ahadi. Siku ile kuna mtu alijaza pengo la elfu sitini, na nina wasiwasi ni yeye mwenyewe, kwa maneno mazuri aliyomwambia mwenye tenti. Akidai, anadai chake. Kilichomshinda ni mahali pa kudaia.

Mtu wa kuzungumza naye kwanza ni kaka. Najua utasema ni miaka mingi, hali ilikuwa ngumu, na yeye mbona hakuchangiwa. Yote yanawezekana. Lakini mdomo wa shangazi hamtaufunga kwa hoja. Elfu sitini itaufunga. Kaka ampelekee kwa simu, kisha ampigie dakika hiyohiyo, asisubiri yeye auone muamala. "Shangazi, shikamoo. Ile ya harusi ya dada nilikuwa nadaiwa, nimeitua leo, unisamehe kwa kuchelewa." Asijieleze zaidi ya hapo. Kama hana zote, aanze na ishirini na aseme lini analeta nyingine, mradi siku hiyo aitunze. Na tafadhali, asiurushe muamala kundini kujisafisha. Akifanya hivyo atakuwa amechora duara lake.

Wewe mpigie siku nyingine, jioni akiwa ametulia. Uliza miguu yake, uliza mvua, uliza mbuzi. Ukishapita hapo mwambie: "Shangazi, kaka amenieleza mmemalizana, nimefurahi. Sasa ile picha tuipumzishe, watoto wasije wakadhani bado kuna kitu." Mpe nafasi ya kuwa mkubwa. Ataguna kidogo, ataeleza upya gharama za tenti, msikilize mpaka mwisho.

Ila kaka awahi. Sherehe nyingine ikitangazwa kabla hajatuma, ile picha bado ipo kwenye simu ya shangazi.