Barua kwa mwanangu: kabla hujaenda kwa daktari wa aleji

Mombasa

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na wajukuu uwabusu. Ujumbe wako nimeupata. Umepewa miadi kwa daktari bingwa wa aleji hapa kisiwani, wiki 3 zijazo, kwa sababu ya ile midomo iliyovimba na mabaka yaliyokutoka mwili mzima usiku wa harusi kule Mji wa Kale. Unauliza ujiandae vipi, na vile vidonge vya aleji vya cetirizine unavyomeza kila jioni uviache au uendelee navyo. Naanza na dawa, maana hilo lina tarehe, na tarehe ikikupita utakuwa umevuka feri bure.

Kipimo cha ngozi hufanywa hivi. Upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kiganja, huandikwa alama kwa kalamu, kisha hutiwa matone madogo: hili la kamba, hili la korosho, hili la wadudu wa vumbi, na mengine kwa kadiri ya maelezo yako. Kila tone huchomwa kijuujuu kwa kisindano, damu haitoki. Mawili kati yake ni ya kulinganishia. Moja ni la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuvimba, na la pili ni la histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huitoa ukipata aleji, nalo humvimbisha kila mtu. Baada ya dakika 15 hadi 20 daktari hupima vivimbe kwa rula, na kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi ndicho kinachohesabiwa. Sasa kazi ya cetirizine ni kuizuia histamini. Ikiwa bado imo mwilini, hata lile tone la histamini litalala bapa, na hapo daktari hana cha kusoma. Atakupa tarehe nyingine.

Kwa hiyo cetirizine iache siku 7 kamili kabla ya miadi. Loratadine ni vivyo hivyo. Piriton hutoka mwilini upesi zaidi, lakini we ihesabie siku hizo hizo ili usichanganyikiwe. Wengi wanapokwama ni hapa: kidonge cha aleji wamekiacha vizuri, halafu mafua yanawashika, wanakwenda duka la dawa, wanapewa dawa ya mafua iliyochanganywa na chlorpheniramine, ambayo ndiyo hiyo hiyo Piriton. Dawa nyingi za kikohozi za maji nazo zinayo, na promethazine ya kichefuchefu cha safari ni ya kundi hilo hilo. Wiki hiyo usimeze kitu kabla hujasoma boksi. Amitriptyline, dawa ya sonona na maumivu ya neva, pia huharibu kipimo, ila hiyo haiachwi ghafla. Kama unaitumia, mpigie daktari aliyekuandikia.

Pampu ya pumu usiiache hata siku moja. Haiharibu kipimo, na mtu anayekohoa na kukoroma kifua hachomwi siku hiyo. Kama unatumia dawa ya presha au ya moyo ambayo jina lake linaishia na "-olol", kama atenolol au propranolol, itaje mapema, kwa sababu hudhoofisha kazi ya adrenalini, sindano ya kuokoa maisha aleji inapokuwa kali, pale inapohitajika. Na ukiwa na mimba, sema kabla hujaguswa. Kipimo cha ngozi kwa kawaida huahirishwa.

Katika siku hizo 7 kamba asiingie jikoni mwako kabisa, wala halua, maana vilikuwemo kwenye sahani ya harusi. Mwasho mtupu uvumilie kwa kitambaa cha maji baridi. Lakini koo likibana, sauti ikikauka, au pumzi ikiwa nzito, habari ya kipimo isahau: nenda hospitali iliyo karibu wakati huo huo. Na ukiona mabaka yanarudi kila siku bila dawa, piga simu kliniki uwaambie. Kipo kipimo cha damu ambacho dawa hizi hazikiathiri.

Sasa lililo kubwa. Daktari wa aleji hutambua ugonjwa kwa maelezo yako kwanza. Sindano na damu huja kuthibitisha. Ukimwambia "nilikula chakula cha harusi nikavimba", umemwachia sahani nzima aipekue peke yake. Kaa na daftari, uandike saa. Ulikula nini, kiasi gani, saa ngapi. Midomo ilianza kuwasha baada ya dakika ngapi, kipi kilifuata, kilikwisha saa ngapi, na ulipewa dawa gani. Aleji ya chakula ya aina hii huja ndani ya dakika chache hadi saa 2. Kilicholiwa mchana hakikuvimbishi midomo saa 4 usiku.

Tuitazame sahani yenyewe. Kulikuwa na kamba wa nazi, samaki wa kupaka, na halua, ambayo mara nyingi hutiwa lozi au korosho. Mpigie aliyepika umuulize aliweka nini hasa, na mafuta ya kukaangia bhajia yalikuwa yamekaangiwa nini kabla. Uliniambia pia ulikuwa umemeza diclofenac kwa ajili ya mgongo. Hiyo usiisahau hata kidogo. Dawa za maumivu za jamii hiyo, ibuprofen na aspirini zikiwemo, huweza kuleta mabaka zenyewe, na huweza pia kuikoleza aleji ya chakula. Mtu anakula kamba miaka yote bila neno, siku anayochanganya na kidonge ndiyo anavimba. Kucheza chakacha kwa nguvu baada ya kula nako huchochea vivyo hivyo, kwa hiyo liandike.

Samaki ana swali lake, na sisi watu wa pwani lazima tuliulize: nani mwingine aliugua? Jodari, nguru na vibua wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na moto wa jikoni hauiondoi hata umchome vipi. Aliyemla uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, mabaka humtoka, mfano mmoja na aleji. Ile ni sumu ya samaki aliyeharibika, na kipimo cha ngozi hakitaonyesha kitu. Ikiwa meza nzima ililalamika, mwambie daktari. Kama ni wewe peke yako, mwambie hilo pia.

Piko uliyochorwa mikononi itenge kabisa na haya. Rangi ile nyeusi huwa na kemikali ya kutia nywele rangi, PPD, na aleji yake huchelewa siku 1 hadi 3, kisha hutoa malengelenge yanayofuata michoro yenyewe. Haivimbishi midomo baada ya dakika 20. Lakini kama ngozi ilikuwasha pale palipochorwa, litaje, kwa sababu lina kipimo chake: vibandiko hukaa mgongoni saa 48, husomwa, halafu husomwa tena siku ya 3 au ya 4. Muda huo mgongo haulowi maji wala jasho, na ndiyo maana ni afadhali kukifanya wakati wa baridi ya Juni au Julai kuliko katika joto la Februari, vibandiko vinapobanduka vyenyewe. Kabla ya miadi usipake piko wala hina mikononi. Wekundu hauonekani juu yake.

Picha ulizopiga usiku ule zisogeze pamoja kwenye simu, zile zinazoonyesha saa. Beba maboksi ya dawa zote, hata za mitishamba, karatasi uliyopewa hospitali usiku ule, na majibu ya damu ya zamani. Kliniki iulize kama wanataka uje na kamba. Wengine huchoma chakula chenyewe kisha ngozi. Wakikubali, mbebe mbichi kidogo na aliyepikwa kidogo, kila mmoja na mfuko wake, juu ya barafu, na akufungie mtu mwingine. Wewe usimshike.

Siku yenyewe kula kama kawaida, usiende na njaa. Usijipake mafuta wala losheni mikononi na mgongoni. Vaa dera au blauzi ambayo mikono yake inapanda juu ya kiwiko. Swali la SHA, bima ya afya ya serikali, au bima ya kazini limalize kwa simu kabla, uulize hasa kuhusu vipimo, maana kumwona daktari na kupimwa hutozwa mbalimbali. Nenda na wifi yako aliyekaa nawe mezani. Yeye aliuona uso wako, wewe hukuuona. Ukishapimwa kaa pale angalau dakika 30. Usikimbilie feri ya Likoni. Katikati ya maji hakuna wa kukusaidia.

Majibu yakitoka usiyachukue kama hukumu. Kivimbe maana yake mwili umekitambua kitu, si lazima kiwe kinakudhuru. Wadudu wa vumbi na mende wana protini inayofanana na ya kamba, na katika unyevu wetu huu mtu anaweza kuonyesha "kamba" kwa sababu ya godoro lake la sufi. Ndiyo maana maelezo ya daftari yanapewa uzito. Vile vipimo vya damu vinavyotangazwa vya vyakula chungu nzima, vinavyopima kingamwili za IgG, achana navyo kabisa: vinaonyesha ulichozoea kula tu, na watu wanaishia kujinyima vyakula visivyo na kosa. Ikiwa ni kamba kweli, kaa na kamba mawe nao huwa mashakani. Pweza na ngisi muulize yeye. Samaki wa mapezi ni kitu kingine kabisa na huenda usihitaji kumwacha. Usijijaribu nyumbani kwa kuonja. Kujaribishwa kwa kula hufanywa mbele ya daktari, dawa ikiwa tayari.

Kabla hujaondoka muulize habari ya adrenalini: kama unahitaji kuwa nayo, ni ya kalamu ya kujichoma au ya kichupa, na akuonyeshe kwa vitendo. Kwa mtu mzima ni miligramu 0.5, kwenye msuli wa paja upande wa nje, ukiwa umelala na miguu juu. Piriton haifungui koo linaloziba. Na baada ya sindano unakwenda hospitali hata ukijisikia mzima, kwa sababu shambulio huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Leo usiku nipigie picha boksi la hivyo vidonge unavyomeza, upande wenye jina la dawa. Nikishaliona nitakuhesabia siku ya kuacha, na wewe uiandike kwenye kalenda ya ukutani.

Mamako