Usiache ugali, badilisha unga

Kaka, umesema ukinywa chai ya vijiko vinne vya sukari na maandazi, ikifika saa nne unasinzia kazini, ndiyo maana unataka kuacha wanga kabisa. Wanga hauna kosa. Ubongo wenyewe unategemea glukosi, sukari inayotoka kwenye wanga. Shida ni ngano nyeupe na sukari: vinasagika upesi, sukari inapanda kwenye damu, homoni ya insulini inaishusha, unaanza kupiga miayo.

Hamia kwenye dona. Sembe imekobolewa, ganda na kiini vimeondoka, na humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi na vitamini B nyingi. Ila dona haikai sana, mafuta ya kiini yanaifanya iwe chungu, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Asubuhi pika uji mzito wa ulezi, utie karanga za kusaga, sukari kiduchu. Au kiazi kitamu cha kuchemsha na maharage yaliyobaki jana (kwangu hiki ndicho kinashinda). Protini na mafuta vinachelewesha chakula kutoka tumboni, unafika mchana vizuri tu.

Kama una kisukari, hata dona ipime. Bado ni wanga.