Kabla ya Kununua Jiko la Gesi, Pima Kuni Zako

Swali la kwanza ninalomuuliza mkuu wa shule ya bweni anayetaka kuhamia kwenye gesi ni hili: jana mmechoma kilo ngapi za kuni? Jibu huwa ni lori. "Fuso moja tunakaa nalo wiki mbili, tatu hivi." Basi. Fuso lilijaa kiasi gani, kuni zilikuwa mbichi au kavu, hakuna anayejua, na mzabuni naye hana haraka ya kuwaambia.

Nimekuwa nikisaidia shule kuandaa taarifa zao za mazingira kwa miaka kadhaa sasa, na siku hizi simu zimeongezeka. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilikwishaagizwa kuachana na kuni na mkaa hata kabla ya uzinduzi huo. Kwa hiyo kila ofisi inauliza mmefikia wapi, na shule nyingi zinajibu kwa kutaja manunuzi: majiko manne, mtungi mkubwa, picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Hayo ni manunuzi tu. Msitu unapungua au kubaki kulingana na kinachoungua, na hicho ndicho cha kupima.

Vifaa mnavyo. Mizani ya stoo, ile ya kupimia magunia ya mahindi, inatosha. Asubuhi pimeni rundo la kuni na mliweke pembeni, mpishi achukue hapo tu. Kesho yake asubuhi pimeni zilizobaki. Tofauti ndiyo matumizi ya siku, na mtunza stoo aiandike kwenye daftari lilelile la unga na maharage, pamoja na idadi ya waliokula. Fanyeni hivyo kwa wiki nzima, kwa sababu siku ya makande haifanani na siku ya wali.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Mti uliokatwa karibuni, hadi nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Mkipima takwimu zenu za awali wakati wa masika kwa kuni mbichi, halafu mkapima tena Agosti kwa kuni kavu, mtaona "mafanikio" makubwa ambayo hakuna aliyeyafanyia kazi. Shule moja nilikuta mpishi mkuu, mama wa makamo, ananyooshea kidole ncha ya gogo lililokuwa likitoa povu na kulia motoni. "Mwanangu, hapa tunachemsha mti kwanza, maharage baadaye." Tangu hapo nawauliza wapishi kabla sijafungua faili la mtu yeyote ofisini. Pimeni masika na kiangazi, na pembeni ya kila kipimo andikeni hali ya kuni.

Kisha gawanyeni kwa walaji. Tuseme mwaka huu mna wanafunzi 600 na mnachoma kilo 420 kwa siku, yaani gramu 700 kwa kila mmoja. Mwakani wanafunzi wanafika 750, kuni kilo 450, sawa na gramu 600. Jikoni mmefanya vizuri, na mseme hivyo. Ila semeni pia kwamba jumla imepanda kwa kilo 30 kwa siku, maana msitu unapungua kwa jumla hizo. Ripoti inayotaja namba moja tu kati ya hizo mbili mimi huirudisha.

Gesi ikishafika, kuni haziondoki siku hiyohiyo. Uji na chai vinahamia haraka. Ugali wa watu mia sita unabaki nyuma, kwa sababu kuusonga kwa ule mwiko mrefu kunataka jiko lisiloyumba, na majiko mengi yanayouzwa hayakutengenezwa kwa purukushani hizo. Makande na maharage yanabaki pia, kwa kuwa mhasibu anaiona ankara ya gesi. Shule ya namna hiyo ikihesabu milo itasema theluthi nzima ya milo yake ni safi, wakati moto mkubwa bado unawaka kule nyuma. Ndiyo maana nasisitiza mizani iendelee kufanya kazi hata baada ya gesi kuanza kutumika.

Kwa makadirio ya mezani, kilo moja ya gesi ina joto la karibu kilo tatu za kuni kavu. Ukiongeza kwamba mafiga hupoteza joto jingi hewani, kilo hiyo moja inaweza kuchukua nafasi ya kuni nyingi zaidi ya hapo. Mkipunguza mahitaji kwanza, ankara itavumilika: maharage yalowekwe usiku kucha, masufuria yawe na mifuniko inayokaa, kuni zilizobaki zikae chini ya paa. Hayo hayahitaji mfadhili.

Mkaa nisingeutaja, ila kuna shule zimeukimbilia kwa sababu rundo linaonekana dogo na moshi umepungua. Kwenye tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo tano hadi kumi za kuni. Mzigo umetoka nje ya uzio wenu tu. Mkaa ukiingia kwenye daftari lenu, uandikeni kwa safu yake, msiuchanganye na kilo za kuni.

Jambo la mwisho ni wiki ambazo hazikupimwa. Zitakuwepo: mizani itaharibika, mtunza stoo ataenda likizo, kidato cha nne watabaki kambini wenyewe. Acheni nafasi wazi na muandike sababu. Msijaze wastani ili jedwali lipendeze. Mkaguzi mzoefu akiona kilo 420 wiki kumi mfululizo, ataanza kuitilia shaka hata ile wiki mliyopima kweli.