Shangazi, wakili wa kesi ya mtoto nampataje?

Swali: Shangazi shikamoo. Mimi na baba mtoto tumeachana, sasa kaenda mahakamani anataka mtoto wetu wa miaka 6 akaishi naye. Sijawahi hata kukanyaga mahakamani, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza kabisa soma ile karatasi uliyoletewa, angalia tarehe ya kujibu au kufika, maana ukichelewa kesi inaweza kuendelea bila wewe. Wakili tafuta anayefanya kesi za familia kila siku, sio yeyote tu kwa sababu anafahamiana na shemeji yako, na hakikisha kwa chama cha mawakili kwamba leseni yake iko hai. Muulize kesi kama yako amefanya ngapi, mahakamani atasimama yeye mwenyewe au atamtuma mwingine, malipo yote jumla yakoje, na yaandikwe. Akikuahidi "mtoto utampata tu" mwanangu ondoka, anayeamua ni hakimu, na hakimu anaangalia maslahi ya mtoto kwanza, ndivyo unavyosema hata mkataba wa haki za mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, sio nani kamkosea nani kwenye ndoa. Kwa hiyo nenda na cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule, kadi ya kliniki, na zile meseji zenu usifute hata moja, hata zinazokuumiza. Kama hela huna, ulizia hapo hapo mahakamani wanaotoa msaada wa kisheria bure.